Pusetti Imezama, Mtoto Yuko Mgongoni

Jamani, leo nimeaibika mbele ya nusu ya mtaa wetu wa Kasulo. Na bado nacheka peke yangu kama mwehu.

Mnakumbuka nilivyotamba kabla Nathan hajazaliwa? Humu ndani na mtaani kote: mtoto wangu hatabebwa mgongoni kama gunia la mahindi! Nikaleta pusetti, kigari cha kumsukumia mtoto, kutoka Lubumbashi. (Ndiyo, ile yenye mahali pa kuwekea chupa. Msinikumbushe.) Mama mkwe yeye alileta kitenge kimoja tu. Nikashukuru, nikakikunja, nikakifanya godoro la pusetti.

Leo ilikuwa siku ya kuitwa majina. Mtaa wetu unahamishwa: watu wamechimba kobalti chini ya nyumba zao mpaka kuta zinapasuka, na nyumba ya jirani imeshabomoka. Tuliambiwa tufike uwanjani saa tatu. Ukiitwa mara tatu hujaitika, kiwanja cha kuhamia kisahau. Mke wangu alikuwa ametangulia na masufuria yetu kwa dada yake, mtaa wa Kapata. Kwa hiyo tulibaki mimi, Nathan na pusetti.

Nikatoka kifua mbele. Hatua ishirini tu kutoka mlangoni, ardhi ikalegea. Gurudumu la mbele likazama. Nikamnyakua mtoto, nikaruka nyuma. Pusetti ikainama taratibu, ikaenda. (Mahali pa chupa ndipo paliponiaga mwisho.)

Sauti ya mchimbaji ikatoka chini: "Wee! Ni nani anatutupia bitu huku?"

"Ni poussette ya mutoto, tata!"

"Na mutoto?"

"Niko naye huku yulu!"

"Aksanti Mungu. Basi enda, tata. Hii kagari itatusaidia kuvuta magunia."

"Sawa, lakini kitenge! Nitupie kitenge!"

Mimi huyu, nikiomba kitenge shimoni! Kikaruka juu na vumbi lake. Nikainama, nikamweka Nathan mgongoni, nikafunga. (Mke wangu hufunga huku simu ameibana begani, anaongea. Mimi nilifunga kama mtu anayefunga mkaa kwenye baiskeli.) Nikakimbia.

Nafika uwanjani, nasikia jina langu: "Kalenga! Mara ya mbili!"

"Présent!" nikapiga kelele. Watu wote wakageuka. Fundo likaanza kulegea. Nathan ameshashuka kiunoni, analia, nami nimemshika kwa nyuma mikono yote miwili.

"Signature, tata," karani akasema, akininyooshea kalamu.

Nitaipokea na nini? Mdomo?

"Tata, banafwata batu wengine. Unasaini ao hausaini?"

Hapo ndipo mama mkwe akatoka kwenye umati. Kwetu mkwe na mama mkwe hata mkono hatupeani. Tunasalimiana kwa mbali, macho chini. Akaja mpaka nyuma yangu.

"Inama."

"Mama, batu banaangalia..."

"Nimesema inama! Aibu tutaona kesho."

Nikainama. Mbele ya karani, mbele ya mchungaji, mbele ya wote niliowahubiria. Akamrusha Nathan juu kidogo, akakaza kitenge, akanigonga begani mara mbili kama mtu aliyemaliza kazi.

"Gunia ya mahindi imefika!" mtu akapaza sauti. Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Hata karani akaweka kalamu chini afute machozi.

Nathan? Amelala papo hapo. Wiki tatu namsukuma kwenye pusetti hapati usingizi, leo dakika moja tu!

Nikasaini, mikono ikiwa huru kabisa. Kiwanja ni chetu, jamani! Kina nambari, kina karatasi, na chini yake hakuna anayechimba. (Nimeuliza mara mbili.) Nimerudi nyumbani kwa miguu, polepole, nikipita katikati ya barabara ili wote wanione.

Sasa hivi mama mkwe ametuma mtu achukue kitenge chake. Nimekataa, kwa heshima zote.