Théophile Augier Alivyomwondoa Kitini Mbwa wa Katibu

Jongeeni, enyi mliozaliwa na mnaozaliwa! Acheni sufuria ziungue, mje msikie habari za Théophile Augier, Simba wa Forodha ya Castries, Mtikisa-Mihuri, aliyeondoka kwake Jumatatu asubuhi kwenda kudai uhamisho.

Nafasi ya mkuu wa forodha ilikuwa wazi Saint Vincent, kisiwa ambacho siku ya jua huonekana kwa macho kutoka kusini mwa Saint Lucia, kisiwa chake. Lakini katika dola ile tukufu ya Uingereza, Mwingereza alivingirishwa koloni hadi koloni kama pipa la ramu, akipanda cheo kila bandari. Mzaliwa wa visiwani alibaki alipochipukia, mithili ya mshelisheli.

Philomène, mkewe, alimfunga tai kama amvikaye deraya. "Leo usiniletee tena 'ndiyo, Mheshimiwa' zako. Zimejaa nyumba."

"Mke wangu, leo ama zao ama zangu!"

"Haya, shujaa. Kwanza futa yai kidevuni."

Akaenda, akaingia ngomeni mwa Katibu wa Serikali, Bwana Loxley, ambaye ombi la Théophile alikuwa amelilaza mezani tangu mvua zilizopita. Kiti cha wageni kilikuwepo. Juu yake alilala mbwa wa Katibu, mnene, mwenye kukoroma.

Théophile akasimama, kama walivyosimama baba zake.

"Augier," alisema Loxley bila kuinua macho, "nakuhurumia tu. Hali ya hewa ya kule haitakufaa. Tena watu wa kule huwajui."

"Mheshimiwa, wewe ulitoka Fiji, ukaenda Kupro, ukaja kwetu. Huko Fiji ulikuwa na shangazi?"

Simba aliuona mshahara wake ukiota mbawa, na Philomène akikopa unga. Kurudi nyuma angeweza. Badala yake alijitupa mbele, akamkumbatia yule mnyama kwa mikono miwili, akapambana na uzito wake, akavumilia mate yake, akamtua sakafuni. Kisha akaketi.

"Unafanya nini na mbwa wangu!"

"Amezaliwa wapi, Mheshimiwa?"

"Yorkshire, kwetu Uingereza. Kwa nini?"

"Naona hata yeye amepata uhamisho."

Loxley akaiva kama pilipili. Ili amwondoe kitini, akaivuta karatasi ya ombi, akaandika neno moja, "Sipingi", akaitupa kwenye trei ya barua za kwenda kwa Gavana. Ndiyo hisani ambayo Waingereza wenzake huipata kwa kikombe kimoja cha chai.

Makarani wa forodha walimbeba Théophile mabegani hadi gatini, wakapiga ngoma kwenye makasha. "Sipingi! Sipingi!" waliimba, na wapita njia wakadhani Mfalme amefariki.

Cheo alipewa kijana wa Kiingereza kutoka Kent, aliyeshuka melini akiuliza Saint Vincent iko upande gani. Lakini ninyi watunza tarehe, chovyeni kalamu katika wino wenu mzito mwandike: katika zama za dola ile kuu, kwa muda wa kutosha kuandika neno moja, mtu wa Saint Lucia aliketi, na mbwa akasimama.