Mtandao Usio na Mkubwa

Mpwa Mheshimiwa, Fundi Mkuu wa Mtandao wa Familia,

Pokea salamu za mjomba wako, fundi cherehani. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mtambo wako umenishinda, na nikikupigia simu unajifanya uko kikaoni.

YAH: KOMPYUTA YANGU KUTOONANA NA YA MAMA YAKO

Ulipotuunganisha ulisema mtandao huu hauna makao makuu. Kompyuta zote ni sawa, zinazungumza moja kwa moja na kugawana vipande vya mafaili. Nilinyamaza kwa adabu. Adabu imeisha, na malalamiko ni haya:

1. Usawa. Kompyuta yangu ni kongwe kuliko zote, lakini imewekwa daraja moja na ya mama yako iliyonunuliwa juzi. Mama yako nimembeba mgongoni mimi. Hilo sijaona likizingatiwa popote kwenye mipangilio.

2. Milango. Ulinieleza kwamba kila ruta, kile kisanduku cha intaneti, ni bawabu: hamfungulii mtu wa nje mpaka wa ndani awe amemwita, kwa hiyo lazima mimi na mama yako tuitane. Ukaniagiza nibonyeze "Ita". Nimeacha kwenye "Pokea tu". Tangu lini kaka mkubwa akaanza kumwamkia mdogo wake? Tena mdogo aliyebeba cherehani ya marehemu mama siku tuliyotoka kuzika, bila kuniuliza mimi niliye fundi! Nina hakika na yeye yuko kwenye "Pokea tu". Ujeuri ule naujua, tumezaliwa nao.

3. Ushauri wako. Ulisema nizime niwashe. Nimezima, nimewasha, nimebadilisha waya, nimeihamishia ruta dirishani, nimeifuta vumbi kwa kitambaa cha suti ya mteja. Nimejaribu kila kitu isipokuwa ile "Ita" uliyoniagiza, na bado haifanyi kazi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Ile sauti iliyorekodiwa ya bibi yako akituita tuje kula, nusu iko kwangu, nusu kwa mama yako. Kwangu bibi anamwita mama yako vizuri kabisa, anavuta pumzi, halafu kimya. Mimi sijaitwa. Naisikiliza huku nakata vitambaa, na tayari kuna suruali ya mtu ina mguu mmoja mfupi.

Kwa hiyo naomba mtandao uwe na mwenyekiti. Mwenyekiti awe mimi. Na kompyuta ya mama yako ilazimishwe kuniamkia asubuhi na jioni. Ikikaidi, mtaa wao mzima ukatiwe umeme. Majirani wataelewa.

Nisalimie mkeo, wanao, na yeyote anayeniulizia. Mama yako usimsalimie, aanze yeye.

Wako katika ukubwa,
Mjomba

N.B. Kabla sijafunga bahasha nimebonyeza "Ita", mara moja tu, nipate ushahidi kwamba hata hiyo ni bure. Zimeonana hapo hapo. Kumbe mama yako alikuwa akiniita tangu siku ile ulipotuunganisha, na bawabu aliyemfungia ni wangu. Vipande vimefika vyote. Bibi yako anavuta pumzi, anasema: "Na wewe Bwana Mkubwa, njoo basi. Mdogo wako hataki kula mpaka uje."

Uenyekiti futa. Cherehani abaki nayo. Na zile salamu za mama yako usihangaike, nimeshampa mwenyewe.