Rubani wa Chumba cha Mapacha

Jumatatu, 3 Machi

Vita imetangazwa. Mama Pacha, mke wangu, amesema fundi seremala anakuja Jumapili kupigilia rafu za vitambaa ukutani, na chumba kinakuwa cha cherehani. Chumba changu! Sawa, kilikuwa cha mapacha wetu kabla hawajaolewa. Lakini miaka sita sasa ni chumba cha rubani: skrini tatu, usukani, pedali za miguu, kiti nilichong'oa kwenye basi bovu (kwa ruhusa), na feni ya kunipulizia nikifika juu. Narusha ndege ya kompyuta humo kila siku baada ya chai ya asubuhi. Kwa sheria zote. Safari ya saa mbili huchukua saa mbili. Mtu akigonga geti nikiwa angani, asubiri.

Shemeji alikuwepo, mdogo wake Mama Pacha. Yeye hufundisha watu kuendesha magari, basi anajiona ndiye mwenye barabara. Akasema wanafunzi wake angalau hufika sokoni. Mimi miaka sita naruka na sijafika hata getini. Wakacheka mpaka chai ikawapalia. Nikacheka na mimi, nionekane mtu mzima. Moyoni nachemka.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa!

Nilikuwa napekua ramani za programu, mara nikakiona kiwanja chetu cha ndege. Kile kidogo cha vumbi tulikofanya kazi, mimi kupakia mizigo, Mama Pacha kwenye kaunta. Kilifungwa zamani, kimejengwa nyumba kutoka mwanzo mpaka mwisho. Lakini waliotengeneza ramani hawana habari. Kipo! Ofisi ya mabati, uzio, soksi ya kuonyesha upepo. Nililia, na sioni aibu kuandika.

Ndege ya siku zile ilikuwa ya watu tisa, kwa hiyo hata abiria walipimwa uzito pamoja na mizigo yao. Mpimaji alikuwa yeye. Alitangaza kilo kwa sauti ya kufika nje. Waheshimiwa walibana matumbo, haikusaidia kitu. Siku moja nami nikapanda mizani, ingawa sisafiri popote, nipate tu kusimama karibu naye. Akatangaza: kilo sitini na moja, kumi kati yake ni mdomo. Tangu siku ile sina ujanja.

Mpango: Jumamosi namrusha mpaka kule. Akiiona kaunta yake atalainika, fundi ataambiwa asije. Wakati mwingine najiogopa kwa akili nilizo nazo.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi hayaendi vizuri. Jana nimetua mara nne, mara tatu ndani ya ofisi ya mabati.

Asubuhi nilimpa tiketi, nimeiandika kwa mkono. Akaisoma pande zote mbili, akauliza saa ya kuripoti. Nikapata moyo. Shida ni kwamba programu inataka uzito wa abiria. Kumuuliza mke wako kilo zake asubuhi asubuhi ni kutafuta balaa, kwa hiyo nikajaza hamsini na mbili, zile za ujana. Kumbe anachungulia begani kwangu! Nikajiandaa kwa lolote. Lakini kilichomuudhi ni kingine kabisa. Alisema uzito wa kukisia huangusha ndege, na yeye kwa miaka yote ile hakuwahi kukisia hata gramu.

Akaleta mizani ya chumbani. Akapanda. Themanini na mbili, kwa sauti, bila kupepesa macho. Kisha akaniamuru nipande mimi. Tisini na sita! Sauti ile ile ya kaunta, madirisha yote wazi, jirani akapiga makofi. Mizani yenyewe mbovu. Lakini nimeikumbuka sana sauti hiyo, na leo nimeisikia.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji amenusa safari. Anataka kuja, akae nyuma juu ya ndoo. Nikaona mambo yanaharibika. Mama Pacha akamwambia sawa, apande mizani kwanza. Akagoma, akasema yeye si gunia la mahindi. Akajibiwa basi hasafiri. Ndugu yake wa tumbo moja! Amekaa nje ananuna. Mimi nimeoga huku naimba.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika haraka.

Aliripoti nusu saa kabla, amejifunga kile kitambaa cha bluu cha sare ya kazini. Sikujua kama bado anacho. Mkoba mapajani. Nikawasha feni, tukapaa.

Alikuwa anatambua kila kitu. Pale bwawa, pale mashine ya kusaga, pale walipokuwa wanachoma matofali. Akaanza kusimulia ile siku bwana harusi alipoachwa chini kwa sababu keki ilizidisha uzito. Nikamwomba asizungumze na rubani ndege ikiwa inapanda. Tulipotulia huko juu nikamwambia sasa ruhusa, anaweza kuendelea. Akasema amesahau.

Zikabaki dakika kumi. Ukungu! Programu yangu huchukua hali ya hewa ya kweli, ya siku hiyo, saa hiyo. Weupe mtupu mbele. Nikazunguka mara moja, nikazunguka mara ya pili. Mama Pacha akauliza kama hakuna kitufe cha kuuondoa. Kipo. Akaniambia nikibonyeze. Nikamweleza kwamba rubani wa kweli hana kitufe cha namna hiyo. Akasema anataka kuiona kaunta tu, mara moja, basi. Aliyasema polepole, tena kanishika mkono. Hapo nusura nilegee.

Lakini sheria ni sheria. Mafuta yalikuwa yanapungua, nikageuza kwenda kiwanja cha akiba, mji wa jirani. Na nilivyotua! Taratibu, hata chai isingemwagika. Miaka sita sijawahi kutua vile. Nikageuka nipokee pongezi. Alikuwa anafuta macho kwa kile kitambaa. Nadhani kutua kule kulimgusa.

Alipotoka alisema fundi aje kesho saa nne kama alivyoambiwa. Sielewi kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Siku ndefu.

Asubuhi nilitoka kidogo dukani. Narudi, namkuta fundi sebuleni na misumari yake, anakunywa chai. Ameambiwa asubiri. Mama Pacha yuko kwenye kiti changu, mbele ya skrini zangu. Ukungu hakuna! Amekibonyeza mwenyewe. Na ndege ameiweka pale pale mbele ya ofisi ya mabati. Programu inaruhusu: vitufe viwili tu, njia ya wavivu.

Alikuwa anacheka peke yake. Akasogea kunipa nafasi, tukabanana, kilo mia moja sabini na nane kwenye kiti cha mtu mmoja. Akanionyesha mlango nilipozoea kusimama na toroli tupu, nikijifanya nasubiri mizigo. Kumbe alijua! Kila siku alijua. Akasema kumbe huku ndiko ninakokuja kila asubuhi, na yeye hajawahi kualikwa. Akasema chumba kibaki. Cherehani itakaa pembeni ya dirisha, fundi apige rafu moja tu.

Nimeshinda! Tukakaa tunatazama vumbi la kwetu. Sikumbuki lini nilikuwa na furaha namna hiyo.

Kisha nikaona breki za ndege hazijafungwa.

Nikamwambia. Akasema haya. Nikamwambia pia kwamba, kwa haki, hapa hajafika. Kwa mujibu wa daftari langu la safari, abiria bado yuko mji wa jirani tangu jana. Akaniangalia. Nikamwomba anipishe kidogo tu, niirudishe ndege kule, turuke upya tufike kihalali. Nikabonyeza. Kaunta ikapotea. Nikarudisha na hali ya hewa ya kweli. Ukungu, mzito kuliko wa jana.

Aliinuka. Akamwita fundi.

Sasa hivi misumari inagongwa. Shemeji amejitolea kubeba skrini, meno yote nje. Acha acheke. Nimeshapima jiko: usukani unaenea vizuri kati ya friji na dirisha, na pedali zinaingia chini ya meza, pale Mama Pacha anapoweka miguu akimenya viazi. Sijamwambia bado, nataka iwe zawadi. Nafasi ya abiria ndiyo sijaiona. Itabidi asimame.