Dawa ya Punda, Asilia

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji amekuja na jambo. Huyu ni kaka wa marehemu mke wangu, mtu ambaye hajawahi kuja mikono mitupu, wala kuja na jambo la halali. Safari hii ni dawa ya kuchua viungo, ile ya kikopo cha kijani chenye picha ya punda. Anasema ndani hamna cha ajabu: mafuta ya mgando, kafuri kidogo, rangi. Yeye atachemsha, mimi nitachapa lebo.

Nikamwambia huo ni wizi. Akasema basi tuache. Nikamwambia sijasema tuache.

Jumanne, 4 Machi
Nimetoa sanduku la herufi chini ya kitanda. Miaka thelathini na minane tangu niondoke kwetu, na hiki ndicho kitu pekee nilichobeba kutoka kiwanda cha uchapaji. Wenzangu walibeba magodoro. Mpakani askari aliniuliza sanduku lina nini, nami, fundi chapa mkweli, nikajibu: risasi. Nilikaa mahabusu siku mbili kabla hawajaelewa kuwa nilimaanisha madini ya herufi.

Punda nimemchonga kwenye soli ya kandambili. Amefanana na ndama aliyepokea habari mbaya.

Nimetafakari suala la haki. Maisha yangu yote nimetengeneza nakala, na hakuna msomaji aliyewahi kuniuliza kitabu cha kwanza kiko wapi. Nimeridhika na hoja hii, hasa kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuipinga.

Jumatano, 5 Machi
Aibu kubwa. Si yangu, ya kiwanda chao. Kwenye lebo ya kweli wameandika "hasilia". Miaka yote hiyo H imekaa pale mbele kama mgeni asiyejua kuaga. Nimesahihisha: asilia. Shemeji akauliza kama zinafanana. Nikamwambia yetu ni bora. Akasema herufi ni zangu, yeye anachemsha tu.

Vikopo arobaini. Vimekwenda duka la kona.

Alasiri nikaenda kwa Mama Vifungo, jirani yangu fundi cherehani. Yeye hushona, mimi humsomea gazeti kwa sauti, nimekaa kwenye kiti changu karibu na meza ya pasi. Tangu nifiwe, saa ile moja ndiyo siku yangu. Zilizobaki ni kungoja.

Leo analalamika vidole. Ana sare nyeupe za wauguzi, kumi na mbili, na zinatakiwa wiki ijayo. Akasema kesho atanunua dawa yake ya punda. Nikasoma habari za hali ya hewa mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi
Nilikwenda kumwambia ukweli. Nilikuwa na sentensi tatu tayari, zimenyooka. Nikamkuta ameshajipaka. Nikasema labda maji ya uvuguvugu yangefaa zaidi. Akauliza nimeanza lini udaktari.

Jumamosi, 8 Machi
Kiti changu kwa Mama Vifungo hakipo. Amekitoa nje, kimekaa barazani kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Mezani kulikuwa na kola kumi na moja zenye alama za vidole, kijani kibichi. Katikati yake, kikopo. Mama Vifungo hakupandisha sauti. Alisema ametumia dawa hii miaka ishirini na haijawahi kuandikwa sawasawa hata siku moja. Alisema mtaa mzima una mtu mmoja tu anayewashwa akiona H mahali si pake. Halafu: "Mzee Herufi, hii ni kazi yako."

Nilikana kidogo. Akavaa miwani, akageuza kikopo. Akasema kama mtu ameamua kuiba basi aibe vizuri, maana hapa chini nimeacha "tumia kwa ukalimu".

Kuitwa mwizi ningeweza kuvumilia. Nilikipeleka kikopo dirishani. Ni kweli. L, imenikodolea macho. Lenzi yangu ya kulia ina ufa, lakini hilo ni la kuieleza mahakama, si la kumweleza fundi mwenzangu.

Masharti yake: vikopo vyote virudi, walionunua warudishiwe pesa zao, na mimi nifue kola mpaka zitakate. Hadi hapo kiti kitabaki nje.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefua. Ndimu, chumvi, jua, tena ndimu. Vikopo vimerudi, vyote isipokuwa kimoja. Mzee mmoja amekataa katakata kukirudisha, anasema goti lake halijawahi kuwa zuri hivi. Shemeji amelichukulia hilo kama ushahidi wa kisayansi.

Jioni vidole vyangu vilikuwa vimekakamaa. Mama Vifungo akanisukumia kikopo chake cha zamani, chenye H yake. Inafanya kazi. Naliandika hili kwa shingo upande.

Jumatano, 12 Machi
Kola zimetakata. Kiti kimerudi. Nilimtungia uzi kwenye sindano sita, nikasoma gazeti lote, hadi matangazo ya vifo. Aliniambia punda wangu anamchekesha, na kwamba amembandua kwenye kikopo akambandika juu ya cherehani. Nilikuwa na furaha isiyofaa kwa mtu wa umri wangu. Nikamwapia kuwa basi, sirudii. Nilimaanisha kabisa, mpaka nilipofika mlangoni kwangu.

Alhamisi, 13 Machi
Shemeji alipita. Ameviosha vikopo, vinang'aa. Ana mchanganyiko mpya, hauna rangi, hauchafui nguo. Nimekataa katakata. Nilimwonyesha tu, kwa ajili ya heshima yangu, lebo niliyoipanga asubuhi: UKARIMU. Ameipenda, akaondoka nayo.

Anasema safari hii hakuna atakayetushtukia. Nakubaliana naye. Nimeisoma mara tatu, kwa lenzi ya kushoto. Haina kosa hata moja.