Tangazo Letu Chini ya Bango la Kuku

Jumatatu, 5 Agosti

Siku kubwa! Mimi na Mchumba tumekwenda kwa msajili wa ndoa kuomba kibali. Mchumba ni fundi wa sare za shule, na leo alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe. Lina mifuko miwili na kitambaa cha kuandikia jina. Mimi nilijinyoa mara mbili. Kinyozi mwenye vinyweleo kidevuni anafukuza wateja.

Bi Karani wa pale ana miwani ya kamba na humwita kila mtu mwanangu, hata babu aliyetutangulia kwenye foleni. Akazama katika madaftari ya ndoa za wilaya kuhakikisha hakuna kati yetu mwenye ndoa nyingine. Akapekua tangu ujana wangu. Sikupatikana hata mara moja. Akasema niko safi kabisa, kwa sauti ya kunihurumia. Ningependa angalau asite kidogo mbele ya Mchumba.

Tatizo likawa picha za pasipoti. Mpiga Picha wa mtaa ana duka lake ng'ambo ya barabara, mkabala na ofisi, na mimi siendi kwake. Sababu ninazo. Kwenye harusi ya fundi viatu alicheza na Mchumba nyimbo mbili mfululizo. Tena kila akiniona huuliza kama nyumbani hawajambo, halafu anasubiri jibu! Mtu mwenye nia njema hasubiri jibu.

Kwa hiyo nilikuwa nimejikata mwenyewe kutoka kwenye picha ya timu ya mpira ya vinyozi. Kazi nzuri ya mkasi. Bi Karani akaitazama sana, akauliza hiyo glavu ya golikipa begani kwangu ni ya nani, na je, naye anaoa? Mchumba alicheka mpaka akashika meza.

Jumanne, 6 Agosti

Dada yangu mkubwa amenikokota hadi kwa Mpiga Picha. Dada ndiye anayeshikilia duka langu. Anafua taulo, anapanga foleni, anawabembeleza wateja niliowapitisha mashine vibaya. Njia ya kwenda kule anaijua mno. Ndani ya mwezi mmoja amepiga picha za pasipoti mara tatu na hana safari yoyote. Wengine wanapenda sura zao, basi.

Mpiga Picha akaniambia nitabasamu. Nikagoma. Picha imetoka kama ya mtu anayetafutwa na polisi. Bi Karani ameipokea bila swali.

Tangazo letu sasa liko ubaoni, nje ya ofisi. Sheria inasema likae wiki mbili mahali pa wazi, mwenye kipingamizi ajitokeze. Ndoa ni Jumatano tarehe 21, na lazima iwe siku hiyo. Baba mkwe ni mpishi wa meli ya mizigo. Alhamisi yake asubuhi anaondoka, na harudi mpaka mwakani. Mchumba alizaliwa baba yake akiwa baharini. Akamaliza shule baba yake akiwa baharini. Ameniomba kitu kimoja tu, kwamba siku hiyo amwone baba yake ameketi kwenye kiti cha mbele. Nimemwahidi, mkono kifuani. Kitu rahisi kama hicho!

Jumatatu, 12 Agosti

Hatari! Mpiga Picha amevuka barabara na kusimama mbele ya tangazo letu. Nimemwona kwa macho yangu, maana nilikuwa nyuma ya nguzo. (Huwa napita pale kulikagua. Si mara nyingi. Asubuhi, mchana na jioni.) Amelisoma mpaka mwisho. Akatabasamu. Akaingia ndani!

Alipotoka nikaenda kumchimba Bi Karani. Kwa ujanja, lakini. Nilianza na habari za mvua. Akasema huyo mwanangu alikuja kuulizia utaratibu. Utaratibu wa nini? Akasema mambo ya watu hayatoi nje. Mimi si mtoto. Ni utaratibu wa kuweka kipingamizi. Najua hana sababu yoyote ya kutupinga, lakini kipingamizi si lazima kiwe cha kweli. Kinatosha kiwe kirefu. Wakimaliza kukichunguza, Baba mkwe yuko katikati ya bahari anakaanga vitunguu.

Nimemweleza Dada. Ameona haya ghafla, sijui ya nini. Kaniambia nimwache kijana wa watu, akaenda kufua taulo zilizokuwa safi.

Jumatano, 14 Agosti

Nimetenda! Mtu hawezi kupinga tangazo asiloliona. Nyuma ya jengo kuna ofisi ya mifugo yenye ubao wake, umejaa mabango. Bi Karani alipokwenda kula mchana nikabandua bango moja kubwa la manjano lenye picha ya jogoo, nikalibandika juu ya tangazo letu. Limelifunika lote! Gundi iliniishia baada ya pembe mbili za juu, kwa hiyo chini linapepea kidogo. Si neno.

Hakuna aliyeniona. Mlango wa Mpiga Picha ulikuwa wazi, ila ndani kulikuwa giza tupu. Bango lenyewe sikulisoma. Kuku ni kuku.

Ijumaa, 16 Agosti

Ningelisoma.

Liliandikwa: chanjo ya kuku, bure, waleteni kwenye ofisi hii Ijumaa asubuhi.

Nimefika saa tatu kukagua, nikakuta kuku. Kuku ndani ya vikapu, kuku kwapani, kuku wamejipanga kwenye benchi la wachumba. Bibi mmoja mwenye kuku kumi alitaka atangulizwe kwa sababu ya magoti. Jogoo wake akaponyoka, akapanda juu ya kabati la vyeti na kuwika katikati ya ndoa ya watu. Bwana harusi alishtuka akasema ndiyo kabla hajaulizwa. Wakati huohuo, nyuma ya jengo, daktari wa mifugo alikuwa amekaa peke yake na sindano zake, akilalamika kwamba wananchi hawajali.

Bi Karani akalibandua bango. Chini yake, sisi! Aliniita kwa jina langu kamili, mwanangu ikafutika. Nikasema ni upepo. Akauliza ni upepo gani huo unaotembea na gundi. Akatoa uamuzi hapohapo: tangazo lililofunikwa halihesabiki, siku zinaanza upya. Wiki mbili nyingine! Na Baba mkwe anaondoka Alhamisi!

Mchumba amekuja mbio kutoka kazini, sindano bado imechomekwa kwenye kola. Nilijiandaa kupigiwa kelele. Ameniuliza tu, polepole, "Hata kiti cha mbele kimekushinda?" Kisha akarudi kwenye cherehani yake. Afadhali angenirushia kuku. Nampenda kuliko chochote nilicho nacho, na nimemharibia jambo pekee aliloniomba. Nimelia chooni, nimefungulia bomba ili Dada asisikie.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimeamka na mbinu mpya! Kama ndoa haiwezi kurudi nyuma, Baba mkwe abaki. Amekuja kunyolewa kama kawaida. Ana masharubu mazito, mali ya ukoo. Nikanyoa upande wa kushoto, nikasema mashine imeungua, nitaimalizia kazi hii mwisho wa mwezi. Hakuna nahodha atakayepokea mpishi mwenye sharubu upande mmoja.

Baba mkwe akajitazama kwenye kioo. Akanyanyuka, akachukua wembe mkononi mwangu na kumalizia mwenyewe, bila hata mkwaruzo. Akasema kule hufanya hivyo meli ikiyumba. Wateja wakapiga makofi. Wawili wakauliza kama anaweza kuwanyoa na wao.

Halafu akaketi, akaniuliza, mkwe, kuna nini? Nikamwaga yote, glavu, gundi, jogoo. Amecheka mpaka akateleza kwenye kiti. Akasema ameishi na wanaume wa kila namna huko majini, na hajapata kuona aliyejihangaisha hivi kwa ajili ya binti yake. Lakini kicheko kilipokwisha akawa anapapasa mahali palipokuwa na masharubu. Akasema nguo za harusi zimeshapigwa pasi, ziko nyuma ya mlango. Nikashindwa kumtazama.

Dada alikuwa mlangoni akisikiliza. Akavua aproni, akavuka kwenda kwa Mpiga Picha. Picha nyingine za pasipoti, wakati kama huu!

Jumanne, 20 Agosti

Tumeitwa ofisini. Nimeingia nikakuta Bi Karani, Mchumba, Baba mkwe na mdomo wake mtupu, Dada, na Mpiga Picha mwenye bahasha nene. Nikajua ndicho chenyewe, kipingamizi! Nikasimama na kutangaza kwamba chochote kilichomo humo ni uongo mtupu. Dada akanivuta shati nikae.

Mpiga Picha akamwaga picha mezani. Wiki iliyopita alikuwa anajaribu lenzi mpya, akiielekeza ng'ambo kutoka ndani ya duka. Ya kwanza ni mimi juu ya kiti, bango mkononi, gundi kwenye nyusi, ulimi nje. Nikasema huyo anaweza kuwa mtu yeyote.

Zilizofuata zilikuwa za watu. Watu na kuku zao, watu na watoto, wanaona bango linapepea chini, wanadhani maelezo ya chanjo yanaendelea huko, wanaliinua. Wanatukuta sisi! Wanasoma, wanaitana. Bibi wa kuku kumi yumo katika picha tano, na katika ya mwisho anawasomea wengine kwa sauti, kidole juu.

Bi Karani akavua miwani. Akasema yuko hapa tangu ukuta huu haujapigwa rangi, na hajapata kuona binadamu akisoma ubao ule. Sheria inataka tangazo lisomwe. Hili lilisomwa kabla halijafunikwa, na lilipofunikwa likasomwa zaidi. Akatuma aitwe Bibi wa kuku, akamwuliza rasmi kama ana kipingamizi. Bibi akasema anacho kimoja: ametusoma wee, na mwaliko hajauona.

Mhuri! Kibali kimetoka! Mchumba akanikamata mkono chini ya meza na kuuminya mpaka vidole vikalia. Baba mkwe akamkumbatia Bi Karani, miwani ikaning'inia kwenye kifungo cha shati lake, ikabidi Dada awatenganishe.

Nikamwuliza Mpiga Picha amepata faida gani kutusaidia. Akasema kwa ajili ya familia, huku akimtazama Dada. Dada akatazama dari. Kijana ana tabia za ajabu.

Jumatano, 21 Agosti

Nimeoa!

Baba mkwe alifika saa moja kabla ya wote akakalia kiti cha mbele, mikono magotini, asije mtu akakichukua. Mchumba alipoingia hakunitazama mimi kwanza. Alitazama kiti. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa umejaa furaha mpaka nikasahau jina langu. Bi Karani alinikumbusha. Bibi wa kuku alikuja na wenzake wote wa chanjo, wakashangilia kupita ndugu zangu. Jogoo aliachwa nyumbani kwa ombi la ofisi.

Mashahidi waliotia sahihi ni Dada na Mpiga Picha. Wamekaa wakibanana kama viti vimeadimika. Viti vilikuwa tele.

Sasa Mchumba anaitwa Mke wangu. Nimeliandika mara mbili. Mke wangu.

Jumatatu, 26 Agosti

Baba mkwe ametuma ujumbe kutoka bandari ya kwanza. Anataka kumbukumbu ya ndoa yetu aitundike jikoni kwake, juu ya sufuria. Nimekwenda kuomba nakala iliyothibitishwa. Bi Karani akafungua daftari, na safari hii nikapatikana! Mstari mzima, mimi na Mke wangu na sahihi zetu. Akaniita mwanangu tena. Nimetoka nje kifua mbele, mtu aliyetulia, mtu aliyeachana na vitimbi maisha yake yote.

Nikatupia jicho ubaoni, kwa mazoea tu. Kuna tangazo jipya la ndoa. Bwana ni Mpiga Picha.

Bibi ni Dada.

Dada yangu! Nikakumbuka picha za pasipoti, ule utaratibu, viti vilivyobanana, hawajambo nyumbani. Wamenichezea shere mchana kweupe! Na taulo atafua nani? Nani atawabembeleza wateja? Nimfungulie mlango kila sikukuu, nimwite shemeji, huku ana picha yangu nikiwa na ulimi nje?

Mke wangu amenishauri nifurahi kama yeye anavyofurahi, kwa sababu Dada amestahili. Nimemkubalia. Nimemwambia natoka kidogo kunyoosha miguu.

Ofisi ya mifugo ina bango jipya, kubwa kuliko lile. Kuogesha mbuzi. Sikupata muda wa kulisoma lote, lakini nimeshanunua gundi, kopo kubwa. Safari hii napaka pembe zote nne.