Ramani ya Majivu na Kabichi Zangu

8 Septemba 2025, Jumatatu

Mradi wa maji umefika! Mwezeshaji ni binti anaitwa Glory, katoka Moshi, kavaa buti za mvua kiangazi chote hiki. Anasema mradi hautaamua kitu. Sisi wenyewe tutachora ramani ya kijiji chini, kwa majivu na mawe, kisha tutaonyesha bomba likae wapi. Nimemwelewa haraka kuliko wote. Mwenye majivu mkononi ndiye mwenye bomba!

Jirani yangu Nassoro naye kaelewa. Mkutano haujaisha, keshamwita Glory "mwanangu" na kumkaribisha ndizi. Analitaka kwake, kule juu. Mimi nalitaka getini kwangu. Kabichi zangu ndiyo kwanza zinafunga, na mfereji wa kijiji umebaki na maji ya kuwekeana zamu.

Siri yangu: kabichi hizo zinaishi kwa mpira niliouzika ardhini, unaochota mferejini bila zamu. Hajui mtu. Mwizi wa maji hapa kwetu hukatwa zamu msimu mzima, na kabichi bila maji ni chakula cha mbuzi.

9 Septemba, Jumanne

Kikwazo ni wanawake. Wanaona kila kitu na wanakisema. Nimemwendea Glory, nikamweleza kwa upole kwamba kwa mila yetu wanawake huona haya kusema mbele ya wanaume. Bora wachore ramani yao, nyuma ya darasa la shule tunapokutania. Uongo mtupu! Glory kashika kifua kwa furaha. Kasema angalau yupo mwanamume anayejali sauti ya akina mama. Kaliandika hilo. Nikainamisha kichwa.

Mke wangu Saumu nimemwambia wachore msikiti na njia ya sokoni, basi. Alikuwa anatua ndoo, katoka chemchemi ya bondeni. Kachukua ndoo nyingine, karudi bondeni. Nimelichukulia kuwa amekubali.

11 Septemba, Alhamisi

Nimelinyakua kopo la majivu Nassoro akiwa bado anavua koti. Nikachora. Mlima nikausogeza kidogo. Nyumba ya Nassoro ikaangukia msituni. Yangu? Katikati ya kijiji, alhamdulillahi! Nassoro akafoka, eti tangu lini anaishi na mbega. Nikamwambia ramani ni shirikishi, asibishane.

Halafu Glory akasema twende tukaone ya akina mama.

Mawe yalikuwa nyumba. Majani ya mgomba yalikuwa mashamba. Kila njia ya kuchotea maji ilikuwepo. Nikalitafuta shamba langu, nikaliona. Kutoka mferejini hadi kwenye kabichi kumelazwa kipande cha kamba ya katani. Mpira wangu! Glory akauliza kamba ni nini. Wakaangaliana. Mmoja akasema neno kwa Kishambaa, wakacheka wote, na hakuna aliyemtafsiria mgeni. Glory akasema basi kesho tutatembea na ramani, tukague kila kilichochorwa.

Naogopa.

12 Septemba, Ijumaa

Alfajiri nimeufunika mdomo wa mpira kwa majani makavu. Msafara ulipofika nilikuwa nimesimama juu yake. Nikaeleza habari za mbolea. Nikaeleza habari za wadudu. Glory akaomba nisogee. Nikaeleza tena habari za mbolea. Maji yakaanza kupenya kati ya vidole, yakajaa kwenye kandambili. Nikasema Mungu mkubwa, chemchemi!

Nassoro akainama, akavuta. Mpira ukatoka ardhini wote, hadi mferejini.

Nikadai kujua nani kachora kamba ile. Nilitaka niwe na wa kumgombeza.

Saumu akasogea mbele. Akasema, "Mimi, baba. Tumeulizwa maji yako wapi, nikaonyesha. Kila siku napita hapa na ndoo kichwani, nayasikia yakienda kwa kabichi."

Hakupaza hata sauti. Nilitamani apaze. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona, na mbele ya Nassoro!

26 Septemba, Ijumaa

USHINDI! Bomba liko getini kwangu! Akina mama ndio walioamua: pale nilipozika mpira maji yanashuka vizuri, na hapo kila mtu ataweza kunitazama. Kijiji kizima kilitoka msaragambo, kazi ya pamoja, tukachimba mtaro siku moja.

Dosari zipo. Njia ya bombani imekata katikati ya kabichi. Zilizobaki zimenyauka, maana zamu sina mpaka msimu uishe. Bomba lina kufuli, na ufunguo uko shingoni mwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Saumu. Nimemwomba ndoo mbili tu za kumwagilia kabichi, kama mumewe. Kasema ni maji ya nyumbani, na nipange foleni. Nikapanga nyuma ya Nassoro. Kaniambia mbega wake wananisalimu.

Saumu sasa anakunywa chai ikiwa bado moto. Anaimba pia. Sikujua ana sauti nzuri.

Lakini leo Glory kaja na habari mpya: kitalu cha miche! Kinahitaji sehemu tambarare yenye kivuli. Sehemu hiyo iko nyuma ya nyumba ya Nassoro, ila kwenye majivu inasogezeka. Nimemvuta Glory pembeni haraka. Nimemshauri kwamba, kwa kuheshimu mila zetu, wanawake wachore ramani yao peke yao.