Mihogo Juu ya Uwanja wa Ndege

Jumapili, 3 Mei 1964. Sange.
Waasi wameonekana milimani. Inasemekana wanawatafuta watu wa ofisi, watu wa tai na watu wa mihuri. Nina vyote vitatu!

Mimi ndimi mkurugenzi wa Shirika la Anga la Ruzizi. Mkurugenzi mwingine ni Libérat, mwenye lori. Uwanja: mmoja, wa majani, hapa hapa. Ndege: ya kukodi, ya Mgiriki wa Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, viti vitatu vya abiria. Abiria tangu tuanze: padri mmoja na mbuzi wawili. Padri alirudi kwa basi.

Nimempelekea Mgiriki telegramu. Atatuchukua Jumatano, saa nne asubuhi. Kiti changu, kiti cha mke wangu Noella, na kiti cha kibao cha shirika. Libérat ana uzito wa magunia mawili. Akipanda yeye, ndege haipandi. Nimemwambia ndege inakuja Alhamisi.

Noella amenikumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nimemjibu kwamba sisi hatupiti njiani, tunapita angani.

Jumatatu, 4 Mei.
Habari mbaya! Waasi wakiona uwanja wa ndege wanauchimba mashimo, askari wasitue. Nilijificha chooni nusu ya asubuhi. Humo humo nikapata akili: uwanja usionekane.

Nikamwita Mama Anne-Marie, mkubwa wa wanawake wanaoloweka mihogo. Mwaka mzima analalamika hana mahali pakavu pa kuianika. Nikampa uwanja wote. Akaniuliza kama ninaumwa, maana wiki iliyopita nilimfukuza kwa fimbo kwa ajili ya mkeka mmoja.

Jumanne, 5 Mei.
Weupe mtupu, mwanzo hadi mwisho! Harufu ya mihogo imeingia mpaka kwenye koti langu. Nimesimama barabarani na mimi mwenyewe sikuuona uwanja. Kwa mara ya kwanza wiki hii nimekula nikashiba.

Jumatano, 6 Mei.
Sikumfikiria anayetazama kutoka juu.

Saa nne kamili, ndege. Mimi na tai, Noella na kitambaa kipya, kibao kwapani. Mgiriki akazunguka. Akazunguka tena. Wanawake wakampungia mikono. Nikakimbilia katikati nikipiga mihogo mateke na kupeperusha koti, aone kwamba chini kuna uwanja. Mama Anne-Marie akanifukuza kwa mchi, akisema anayepiga chakula teke ataadhibiwa na Mungu. Mgiriki akazunguka mara ya tatu, akarudi kwao.

Niliketi juu ya mihogo nikalia. Naogopa kufa. Noella alikunja tu kitambaa chake. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 7 Mei.
Bunduki upande wa Mutarule! Karibu kabisa. Magari yote yaliondoka jana, na barabara ya kwenda Uvira imejaa watu wenye magodoro kichwani. Mimi na Noella tumebaki.

Saa mbili, lori. Libérat! Suti, kofia, sanduku dogo. Amekuja kupanda ndege, Alhamisi, kama nilivyomwambia. Angeondoka jana na wenzake, lakini aliisubiri. Akatazama mihogo. Akanitazama mimi.

“Weye Hyacinthe, ndege iko wapi?”

Nikamwonyesha mbingu.

Hakunipiga. Aliwaambia wanawake wapakie mihogo na watoto haraka. Kizuizini njiani askari wa serikali wanawarudisha wanaume wakapigane, kwa hiyo mimi nililazwa chini ya magunia. Libérat hawamrudishi, maana ndiye dereva wa chakula, na hata askari hula bugali wa mihogo.

Kizuizi. Lori likasimama. Nikamsikia Mama Anne-Marie juu yangu: “Ni mihogo tu, baba.” Askari akasema atachukua magunia mawili. Akachukua mawili yaliyokuwa juu ya kichwa changu, likabaki moja tu! Unga puani, chafya inakuja, na viatu vyake naviona. Noella, aliyeketi kando, akapenyeza mkono, akanibana pua kwa vidole vyake, huku akitazama kwingine. Sikupumua. Nilimwahidi Mungu mambo mengi, la kwanza likiwa kusema kweli.

Lori likaondoka.

Jumamosi, 9 Mei. Bujumbura.
Tu wazima, wote. Tuko kwa binamu yake Libérat. Godoro Libérat ametupa sisi. Yeye analala sakafuni na suti yake. Noella anataka nimwambie ukweli kuhusu Jumatano na nimwombe radhi.

Nimelifikiria jambo hili kwa haki. Ningemwambia Libérat kwamba ndege ni Jumatano, angekuja Jumatano, angeona ndege inarudi, angeondoka na lori lake siku hiyo hiyo. Alhamisi tungekuwa wapi? Nimemweleza Noella kwamba njia ya mwongo si fupi hata kidogo: imetufikisha Bujumbura. Amegeukia ukuta.

Mgiriki ana rafiki mwenye meli. Shirika la Meli la Tanganyika! Tunakutana naye Jumatatu, saa tisa.

Nimemwambia Libérat ni Jumanne.